Kuthibitisha Habari Wakati Mtandao Umezimwa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (SW), rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania nzima na haikuanza kurudi mpaka Novemba 3. Bara kulikuwa na ghasia na watu walipoteza maisha. Visiwani kwetu ni nyumba chache zisizo na mtoto, ndugu au mume anayesoma au kufanya biashara Dar es Salaam. Mzazi aliyezoea kupokea salamu ya sauti kila asubuhi alibakiwa na simu ya kawaida na maneno ya barazani. Jamaa walioko Oman na Uingereza nao waliuliza bila ya kujibiwa.

Katika siku kama hizo ndipo Muislamu anapoulizwa: ulisema nini, na ulikijuaje?

Amri ya kuthibitisha

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anatuamrisha kuichunguza habari inayoletwa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Katika Suratun Nisaa, aya ya 83, wanalaumiwa wanaolitangaza jambo la amani au la khofu mara tu linapowafikia, badala ya kulirejesha kwa Mtume (SAW) na kwa wenye mamlaka wanaoweza kulipambanua. Na katika tukio la Ifk, uzushi dhidi ya Bibi Aisha (RA) ulizunguka Madina karibu mwezi mzima, ukapita hata katika ndimi za Waislamu wema. Hapakuwa na simu wala mtandao. Ulimi peke yake ulitosha.

Kwa hivyo hatuwezi kusema kwamba uvumi umeletwa na intaneti. Tunao msemo wetu, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Msemo huu una busara yake, lakini mara nyingi tumeufanya ruhusa ya kupeleka mbele tusilolijua.

Sheria zinasemaje

Simu na posta ni mambo ya Muungano, na msimamizi wake ni TCRA. Utangazaji wa redio na televisheni visiwani uko chini ya Tume ya Utangazaji Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 1997. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar, na kifungu chake cha 16 kinampa anayechapisha habari za uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu wawe na leseni, ambayo gharama zake kwa jumla zilipita shilingi milioni 2. Kanuni za 2020 ziliyaingiza hata maudhui ya dini katika makundi ya leseni.

Kumuadhibu mzushi si jambo geni katika sheria yetu. Qadhfu ina hadi yake inayojulikana. Tatizo tunaloliona liko kwengine. Sheria inamtaka raia aseme kweli, na wakati huo huo njia ya kuijua kweli inafungwa. Anayeandika kwa uangalifu na kwa jina lake hubebeshwa ada na khofu, na anayezusha bila jina hana anachopoteza. Wazee wetu wanakumbuka gazeti la Dira lilipofungiwa Zanzibar mwaka 2003. Maneno hayakwisha. Yalirudi barazani, ambako hakuna mhariri wa kuulizwa.

Hoja ya usalama

Serikali husema hufanya hivi kuzuia fitna, na hoja hiyo haifai kudharauliwa. Wanazuoni wanayo kanuni ya kuziba njia za uharibifu, na picha ya uongo inaweza kumwaga damu. Lakini wanazuoni hao hao wameweka kanuni kwamba dhara haiondolewi kwa dhara iliyo mfano wake. Mtu mmoja akizusha, mkono wa sheria unaweza kumfikia yeye. Kuwakatia mamilioni ya watu mawasiliano ni kumtaabisha asiye na kosa: mzazi anayemtafuta mwanawe na mfanyabiashara ambaye wateja wake wako mtandaoni.

Iko pia kanuni kwamba jambo ambalo wajibu hautimii ila kwalo, nalo huwa wajibu. Ikiwa kuthibitisha habari ni wajibu wa raia, basi kuziacha wazi njia za kuthibitisha ni katika amana ya kiongozi. Aya ya 83 inaturejesha kwa wenye mamlaka kwa sababu wao wanatarajiwa kujua na kueleza. Wakinyamaza, watu wamrejee nani?

Na yatosha kukumbuka kwamba aya ya 12 ya Suratul Hujurat imekataza upekuzi. Katazo hilo halikumtoa mtawala.

Wajibu wa nyumba zetu

Tunawanasihi viongozi, kwa adabu, kwamba siku ya msiba watoe taarifa mapema na kwa ukamilifu, hata iwe chungu, na waache waandishi wafanye kazi yao.

Na tunajinasihi sisi wenyewe. Usipeleke mbele sauti ambayo humjui aliyeirikodi. Usitangaze kifo cha mtu kabla ahali zake hawajapata habari. Picha za maiti zina sitara yake, na maiti ana heshima kama aliye hai. Wazazi wazungumze na vijana wao kuhusu makundi ya simu kama wanavyozungumza nao kuhusu sala. Na ukishagundua ulichokipeleka si kweli, toba yake ni pamoja na kuwarudia wale wale uliowapelekea na kuwaambia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape subira waliofiwa, na azilinde ndimi zetu na vidole vyetu. Amin.

Wallahu a'lam.