Dawa za Maradhi ya Akili: Tuambiwe Mapema

Mpwa wangu alipoanza kusikia sauti zisizo na mwenyewe, tulimsomea na kumnywesha kombe. Sijuti. Lakini sauti hazikunyamaza mpaka alipopewa haloperidoli hospitalini. Akalala, akala, akatujua. (Anayesema kombe na kidonge havipatani, sijui alisoma chuo gani.)

Haukutimia mwezi, shingo ikamkakamaa, mikono ikatetemeka, udende ukamtoka. Majirani wakasema dawa za kizungu zimemmaliza. Dada yangu akazitupa. Baada ya wiki chache sauti zikarudi. Tukamkuta usiku wa manane ufuoni, hana nguo.

Ndugu wasomaji, tangu klopromazini ilipojaribiwa Paris mwaka 1952, dawa za namna hii zimewarudisha majumbani wengi ambao wangalifungiwa maisha. Madhara yake nayo ni ya kweli. Nyingine humkakamaza mtu, nyingine humnenepesha na kumletea sukari. Na zikitumiwa miaka mingi, mdomo huweza kuchezacheza usikome. Klozapini, ambayo husaidia pale nyingine ziliposhindwa, hutaka damu ipimwe kila mara, maana yaweza kupunguza chembe nyeupe.

Sisi hatukuambiwa lolote. Daktari aliandika karatasi, akaita mwingine. Foleni niliiona, lakini maneno mawili yangalimgharimu nini? Dada yangu angalijua kuwa kipimo hupunguzwa na dawa hubadilishwa, asingalizitupa.

Daktari wa pili alipunguza kipimo, akaongeza kidonge cha kutuliza mtetemeko. Siku hizi kijana anashona kofia. Uzi anautunga sindanoni mwenyewe.