Mkanda ukilia Garsen, usingoje ukatike njiani

Kama una van nyumbani, iwe ya abiria, ya mizigo au ya jamaa yako tu, huenda umewahi kuisikia ikipiga yowe asubuhi mara tu unapoiwasha. Yowe hilo hudumu dakika moja hivi, kisha hunyamaza. Wengi wetu hucheka, tukasema gari limeamka na hasira, tukaenda zetu.

Mjomba wangu anayeishi Garsen alicheka hivyo kwa muda mrefu. Fundi mmoja alimwambia kwamba mkanda wa injini umechakaa, akaubadilisha. Baada ya wiki chache yowe likarudi. Akanunua mkanda wa pili. Likanyamaza tena, likarudi tena.

Usiku mmoja jirani yake alimjia mbio. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na muuguzi amesema apelekwe Malindi bila kukawia. Mjomba hakuuliza swali. Mgonjwa akalazwa kiti cha nyuma, mama mkwe akaketi karibu yake, wakaondoka. Hata Marereni hawajafika, taa ya betri ikawaka kwenye dashibodi, usukani ukawa mzito kama wa trekta, na sindano ya joto ikaanza kupanda. Ule mkanda wa pili, ambao haukuwa umemaliza hata miezi miwili, ulikuwa umekatika.

Wewe unayeijua barabara ile huhitaji kuelezwa. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na kabla hujafika Marereni ni vichaka na giza. Waliokolewa na lori lililokuwa likipeleka maembe Malindi. Mama yule alijifungua salama, mtoto wa kike. Mjomba alikesha peke yake ndani ya van, madirisha amefunga, akipigana na mbu.

Nilipokwenda kumtazama nilimkuta uani, mkanda uliokatika umening'inia begani kama nyoka aliyeuawa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeona mambo haya? Mikanda miwili! Siku hizi wanatuuzia mpira wa ndara."

Mzee mmoja fundi aliyekuwa amekuja kumpa pole aliuchukua, akaugeuza upande wa ukingo. Ulikuwa umelika upande mmoja tu, nyuzi zimetoka kama ndevu. "Mkanda huu haukuwa na kosa, Mzee," akamwambia mjomba. "Walipoubadilisha, tenshena waliiangalia?"

Mjomba hakuwa na jibu, na nadhani wenye magari wengi hawangekuwa nalo.

Katika injini za zamani, kama zile za dizeli za Toyota za 2L na 3L, fundi huukaza mkanda kwa kuisukuma alteneta kwa mtaimbo mdogo, kisha akafunga bolti. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana mkanda mmoja mrefu na bapa, wenye mifereji upande wa ndani. Mkanda huo ndio unaozungusha alteneta, pampu ya usukani, kiyoyozi na, katika magari mengi, pampu ya maji. Kazi ya kuukaza hufanywa na tenshena: mkono wenye springi ndani yake, na mwishoni mwa mkono huo puli inayozunguka juu ya beringi. Springi huusukuma mkono, nao huubana mkanda wakati wote.

Springi huchoka kwa joto la miaka. Beringi nayo hufa ikiingiwa na vumbi au maji, na huku Tana River tunavyo vyote viwili. Gari lililopita katika mafuriko ya mwaka 2023, barabara ya Lamu ilipofunikwa na maji, likaja likala vumbi la kiangazi baada ya hapo, halina budi kuchunguzwa. Tenshena ikilegea, mkanda huteleza na kupiga yowe. Ikipinda, mkanda hukimbilia upande mmoja na kulika ukingo. Hapo hata ukinunua mkanda wa dhahabu, utakatika tu.

Kuna namna ya kujua mapema. Washa injini, tazama mkono wa tenshena bila kugusa chochote. Ukitetemeka kidogo ni sawa, lakini ukirukaruka umechoka. Kisha nyunyizia mkanda maji kidogo upande wa mifereji. Kelele ikinyamaza kwa muda, shuku kwamba puli hazikai katika mstari mmoja. Ikizidi, mkanda umelegea. (Leso, mikono ya kanzu na nywele ndefu viwe mbali. Injini haina huruma.)

Sisi tuliifanya kazi hiyo uani, chini ya mwembe, alfajiri, injini ikiwa baridi. Tenshena mpya ilitoka Mombasa kwa basi, baada ya mjomba kumpa dereva ile ya zamani aende nayo pamoja na nambari ya chesisi imeandikwa kwenye karatasi. Usiseme tu "ya van". Tenshena mbili zinaweza kufanana kwa macho, na moja isiingie.

Katika van nyingi za aina hii injini iko chini ya viti vya mbele, hivyo kiti huinuliwa na sehemu nyingine hufikiwa kutoka chini. Hapa ndipo nilipopandisha sauti kidogo. Udongo wa Garsen ni laini. Jeki ukiiweka juu yake moja kwa moja itazama, na gari litakulalia. Weka ubao mpana chini ya jeki, weka magogo au stendi imara chini ya chesisi, zuia magurudumu kwa mawe, ndipo uingie. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota nati.

Fundi alifungua waya wa hasi wa betri. Kisha akamwambia binamu yangu achore njia ya mkanda, unapopita juu ya puli na unapopita chini. Kijana akacheka, akasema ataikumbuka. Mzee akamwambia, "Chora, mwanangu." Siku hizi waweza pia kupiga picha kwa simu.

Baada ya hapo alitia spana ndefu ya ringi kwenye bolti ya mkono wa tenshena, akauvuta taratibu mkanda ukalegea, akauchomoa. Upande wa kuvuta si mmoja kwa kila gari. Ukiona mkono haukubali, usitumie nguvu, jaribu upande wa pili. Wala usiuachilie kwa ghafla, kwani springi ile yaweza kuvunja kidole.

Mkanda ukishatoka, zungusha kila puli kwa mkono, moja baada ya nyingine. Puli nzima huzunguka kimya bila kuyumba. Ile ya tenshena ya mjomba ilisaga kama iliyojaa mchanga. Za alteneta na pampu ya maji zilikuwa salama, na hilo lilimwokolea mjomba pesa nyingi. Maduka mengine huuza puli peke yake kwa bei nafuu, lakini kama springi nayo imechoka utarudi dukani tena.

Bolti za tenshena mpya huanzwa kwa vidole kwanza, ndipo spana ifuate, maana zinaingia kwenye aluminiamu na zikiingia upogo zitaharibu njia. Zikazwe kwa kiwango cha kitabu cha gari. Kisha mkanda unarudishwa kwa kufuata mchoro, kila mfereji ukae mahali pake. Washa dakika mbili, zima, tazama tena.

Jambo moja msomaji usilichanganye. Ndani ya kifuniko cha mbele cha injini nyingi za dizeli kuna mkanda mwingine, wa taiming, nao una tenshena yake. Huo ukikosewa hata jino moja, valvu zaweza kugongana na pistoni na injini ikaharibika kabisa. Huo mpelekee fundi aliyehitimu, hata kama ni kuvutwa hadi Malindi.

Wazee watakusimulia jinsi walivyofunga soksi ndefu ya kike mahali pa mkanda wakafika nyumbani. Kwa ile mikanda myembamba ya zamani yawezekana. Kwa huu mpana wenye kona nyingi, usijidanganye.

Saa nne asubuhi mjomba aliiwasha van. Hakukuwa na yowe. Aliizima, akaiwasha tena, akainamisha kichwa kusikiliza. Kisha akaingia ndani, akarudi na tochi, spana ile ya ringi, mkanda wa akiba na mchoro wa binamu yangu, akavifunga kwenye gunia na kuvitia chini ya kiti.