Rekebisha runinga, kisha upimishe macho

Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka minane katika kliniki yangu kwa sababu ya kikohozi. Katika mazungumzo akataja jambo ambalo kwake lilikuwa dogo tu: mtoto hakai kitini wakati wa katuni. Husimama karibu aguse kioo cha runinga, na kila apatapo rimoti huongeza mwangaza. Baba alikuwa amemwita fundi mara mbili, naye fundi hakuona kasoro yoyote. Tulipompima macho tulibaini kuwa haoni mbali. Alichohitaji ni miwani.

Wengi wetu tuliokua enzi za antena tungali tunadhani kuwa picha mbaya ni kosa la chombo. Siku zile, picha ikijaa chenga, mtu alitumwa juu ya paa kuizungusha antena. Tangu Kenya ihamie matangazo ya dijitali mwaka wa 2015, mambo yamebadilika. Mawimbi yakiwa dhaifu, picha hukatika vipande vya miraba au hutoweka kabisa, na kila aliye sebuleni huona hivyo. Basi, mmoja akilalamika kuwa picha ina ukungu ilhali wenzake wanaona sawa, shuku macho yake.

Sisemi runinga isirekebishwe. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa na rangi kali na mwangaza mwingi ili zivutie wateja dukani penye taa nyingi. Usiku sebuleni, mwangaza huo huchosha macho. Fungua menyu ya picha. Ukikuta imewekwa kwenye "Vivid" au "Dynamic", chagua "Movie" au "Cinema". Usishtuke rangi zikionekana za manjano kidogo. Utazizoea baada ya siku chache. Punguza pia "Sharpness", kwani ikizidi huchora mistari myeupe kwenye kingo za vitu. Kisha mtazame msomaji wa habari. Ngozi yake ikifanana na ya mtu halisi, na nywele zake zisionekane kama doa moja jeusi, umefaulu.

Usizime taa zote. Taa ndogo nyuma ya runinga huyapunguzia macho kazi. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali kwa sekunde 20 na upepese macho, maana mtu anapokodolea kioo husahau kupepesa, na macho hukauka na kuwasha.

Wazazi hupenda kuwakemea watoto kwamba kukaa karibu na runinga kutawapofusha. Si kweli. Aghalabu mtoto hukaribia kwa sababu tayari haoni vizuri akiwa mbali. Ukimkemea, unaizima dalili na kuuacha ugonjwa. Mtoto huyo huyo akiwa darasani hauoni ubao. Mwalimu atasema ni mvivu, nanyi nyumbani mtaamini.

Nasikitika kuona jamaa wakilipia runinga kubwa kwa mkopo wa miezi mingi, ilhali mtoto wao hajapimwa macho hata mara moja tangu azaliwe. Kasoro nyingine, hasa jicho moja likiwa dhaifu kuliko jingine, hutibika kwa urahisi zaidi kabla ya mtoto kufika umri wa miaka saba hivi. Baadaye ubongo huwa umeshazoea kulipuuza jicho lile, na tiba huwa ngumu.

Wazazi wenzangu, leo jioni rekebisheni runinga kama nilivyoeleza, kisha mketi nyote umbali wa mita tatu. Mwulize kila mtoto asome maandishi yanayopita chini ya kioo, kwanza kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Asiyejua kusoma, ataje anachokiona. Anayeshindwa, msimpe rimoti. Mpelekeni kwa daktari wa macho. Usipoziba ufa utajenga ukuta.