Akinyamaza kuhusu minyoo yake, msishangilie
Na Zuhura Shekigenda

Kwenye nyanda za baridi za Scotland na kaskazini mwa Uingereza yuko ndege wa porini, jamaa wa kware, anayeishi kwa kudonoa ncha za vichaka vifupi. Ndani ya utumbo wake hukaa mnyoo mwembamba mno, ambao kwa jina la kisayansi huitwa Trichostrongylus tenuis. Mayai ya mnyoo huyu hutoka na kinyesi. Minyoo michanga hupanda hadi kwenye ncha za majani, na ndege akila majani anaimeza. Ndege mmoja anaweza kubeba maelfu. Hukonda, hutaga mayai machache, na harufu yake huzidi kiasi kwamba mbwa humgundua kwa urahisi zaidi kuliko mwenzake aliyepewa dawa. Mwaka 1998 Peter Hudson na wenzake walionyesha kwamba ukiwapa ndege hawa dawa ya minyoo, ule mtindo wa idadi yao kupanda na kuporomoka kila baada ya miaka kadhaa hutulia.

Haya yote nimefundishwa na mwanamume mmoja mwenye usonji, mtu mzima, anayeshika hesabu kwenye duka la dawa za mifugo. Minyoo ya ndege ndiyo mapenzi yake. Anaijua ya kanga wa porini, ya bata na ya korongo, na akianza kueleza hachoki. Nyumbani kwao wanasema, “Ameanza tena minyoo yake.” Mgeni akija anakonyezwa abadilishe mazungumzo. Miezi fulani iliyopita aliacha kabisa kuizungumzia, na ndugu zake wakafurahi. Walisema sasa ametulia, amekuwa kama watu.

Furaha ile ilinitisha, na ndiyo sababu ya safu ya leo.

Tukisema usonji, wengi wetu tunamwona mtoto anayezungusha tairi la gari la kuchezea. Tuna vitengo vichache katika shule za msingi, kama kile cha Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam, na walimu wake wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Lakini mtoto anakua. Donald Triplett wa jimbo la Mississippi, wa kwanza kati ya watoto 11 walioelezwa na daktari Leo Kanner mwaka 1943, alifanya kazi benki, akazeeka, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Usonji wake alikuwa nao hadi mwisho. Wako wapi wazee wetu wenye usonji? Wapo mitaani, wakiitwa wakaidi, wenye kiburi au waliorogwa.

Na wengi wao wanaumia. Mwaka 2014 watafiti wa Cambridge walichapisha matokeo ya watu wazima 374 waliokuwa wamegundulika ukubwani kuwa na usonji wa aina ya Asperger. Asilimia 66 walisema wamewahi kufikiria kujiua. Nchini Sweden, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba watu wenye usonji waliofariki walikuwa na wastani wa miaka 54, wenzao wasio na usonji 70. Miaka 16 si kitu kidogo. Kwa wale wasio na ulemavu wa akili, kujiua kulikuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo hivyo.

Sababu haiko kwenye usonji peke yake. Utafiti mwingine wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba hatari ya kujiua inakwenda pamoja na mambo mawili: kukosa msaada unaohitajika, na kuishi kwa kujificha. Kujificha maana yake ni kujilazimisha kutazama watu machoni, kucheka wengine wanapocheka, kuzuia mikono isitikisike, kukariri majibu ya salamu, na kumeza kile unachokipenda kwa sababu kinawachosha wengine. Mtu anafanya hivyo kazini saa nane, kisha harusini, kisha msibani. Akifika kwake hana nguvu hata ya kuoga. Sisi tuliomzunguka tunaona tabia imenyooka.

Hapo ndipo tunapokosea kusoma dalili. Dinah Murray na wenzake waliandika mwaka 2005 kwamba akili ya mtu mwenye usonji humimina uangalifu wake wote kwenye mambo machache kwa wakati mmoja. Kwa hiyo minyoo, ratiba za treni au namba za magari ndiyo mahali anapopumulia. Chris Packham, mtangazaji wa Uingereza wa vipindi vya wanyamapori, alikuwa amevuka miaka 40 alipothibitishiwa usonji wake, naye amesema hadharani kwamba aliwahi kufikiria kujiua. Utotoni alilea kozi mdogo. Mapenzi yake kwa ndege hao hao ndiyo yaliyokuja kuwa kazi ya maisha yake. Nauliza: kama wazazi wake wangekata shauri kumwondolea ndege, wangebaki na nani?

Sisemi kila shauku iachwe bila mpaka. Wapo wanaozama hadi wakasahau kula na kulala, na hilo nalo huwadhoofisha. Lakini mtu aliyeizungumzia minyoo yake miaka 20 akinyamaza ghafla, usimpongeze. Sonona huanza kwa kuua ladha ya kile ulichokipenda, na kwake ladha hiyo ndiyo ya kwanza kutazamwa.

Hospitalini nako kuna tatizo. Wengi wenye usonji hupata shida kuzitaja hisia zao. Ukimuuliza “unajisikiaje?” atajibu “salama,” maana ndivyo tulivyomfundisha kujibu. Afadhali kuuliza vitu vinavyoonekana: analala saa ngapi, amepungua kilo ngapi, mara ya mwisho alifungua lini kitabu chake cha minyoo. Ndugu aende naye na karatasi yenye mabadiliko aliyoyaona, tarehe kwa tarehe. Taa kali na kelele za foleni zinaweza kumvuruga kabla hajamwona daktari; kumpangia asubuhi mapema hakuhitaji bajeti mpya.

Na liko jambo la sheria, ambalo linaniuma zaidi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Kwetu Tanzania kosa hilo limeandikwa katika kifungu cha 217. Familia ikimkuta kijana wao katika hali hiyo, inaogopa polisi kabla ya kumwogopea mgonjwa. Humfikisha hospitali ikisema amekula kitu kibaya kwa bahati mbaya. Daktari anatibu tumbo, anamruhusu, na kijana anarudi kwenye chumba kile kile bila mtu yeyote kumuuliza chochote. Wabunge wetu waanze kwa kukifuta kifungu hicho.