Singeli, kinanda na Pemba: ni nani wenye ushawishi katika muziki wa kielektroniki?

Kila mwaka jarida la Uingereza liitwalo DJ Mag huwaita wapenzi wa muziki duniani wapige kura kuwachagua ma-DJ 100 bora. Majina yanayotangulia ni yale yale: David Guetta wa Ufaransa, Martin Garrix na Armin van Buuren wa Uholanzi. Mtu wa Chake Chake au Wete akiisoma orodha hiyo anaweza kudhani muziki huu haumhusu. Dhana hiyo si sahihi. Miongoni mwa sauti mpya zilizozungumzwa sana katika kumbi za Ulaya tangu mwaka 2017, mojawapo imetoka Dar es Salaam, na ndani yake mna vipande vya taarabu.

Makala haya yanaeleza ushawishi huo umetoka wapi, nani anafaidika nao, na kwa nini kijana wa Pemba mwenye kompyuta chumbani kwake anapaswa kulifuatilia jambo hili.

Tunazungumzia muziki gani?

Kwetu, ukisema "muziki wa dansi", mzee atakukumbusha Msondo Ngoma na Sikinde: magitaa, tarumbeta na rumba. Huo sio unaokusudiwa hapa. Muziki wa dansi wa kielektroniki ni ule ambao ngoma, besi na vinanda vyote hutengenezwa kwa mashine au kompyuta, na lengo lake la kwanza ni kuwachezesha watu.

Wanaohesabiwa kuwa waasisi wake ni kundi la Kraftwerk, lililoanzishwa mjini Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 1970. Mwaka 1977 mtayarishaji wa Kiitaliano Giorgio Moroder na mwimbaji wa Kimarekani Donna Summer walitoa wimbo wa I Feel Love, ambao ulionyesha kwamba mashine peke yake inaweza kujaza ukumbi. Mjini Chicago, DJ Frankie Knuckles alikuwa akipiga muziki katika klabu iitwayo Warehouse, na jina la mtindo wa house linatokana na klabu hiyo. Huko Detroit vijana watatu weusi, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, wakaasisi techno.

Zingatia jambo moja. House na techno ni kazi ya vijana weusi wa miji iliyokuwa ikipoteza viwanda na ajira, lakini biashara kubwa ya muziki huo ilikuja kushamiri Ulaya, na wengi wa waanzilishi hawakupata sehemu inayolingana na mchango wao. Swali hilo la nani alianza na nani alilipwa ndilo lililo mbele yetu Afrika Mashariki leo.

Umaarufu wa nyota hawa una gharama nyingine pia. Tim Bergling, kijana wa Sweden aliyejulikana kama Avicii, alifariki dunia mjini Muscat, Oman, tarehe 20 Aprili 2018 akiwa na umri wa miaka 28. Miaka miwili kabla yake alikuwa ameacha safari za maonyesho kwa sababu za afya. Kwa Wapemba wengi wenye jamaa zao Muscat, habari hiyo ilitoka katika mji wanaoujua.

Singeli: kutoka uswahilini hadi Ulaya

Singeli ilichipuka katika mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam, kama Manzese, Tandale na Mburahati, katika muongo wa 2000. Mzazi wake wa karibu ni mchiriku, muziki uliokuwa ukipigwa kwa kinanda kidogo cha bei nafuu aina ya Casio kilichounganishwa na vipaza sauti vya honi, huku ngoma zikifuata mapigo ya Kizaramo. Kundi la Jagwa Music liliufikisha mchiriku Ulaya mwaka 2012, pale kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilipotoa albamu yao ya Bongo Hotheads.

Singeli iliongeza kasi. Nyimbo nyingi za house huwa na mapigo kati ya 120 na 130 kwa dakika. Singeli huanzia karibu 200 na inaweza kufika 300. Mtayarishaji hukata kipande kifupi cha wimbo, mara nyingi taarabu, mchiriku au bongo fleva, hukizungusha bila kukoma, hukikimbiza, kisha huweka ngoma juu yake. MC naye hushika kipaza sauti na kughani maneno ya mtaani kuhusu kodi ya nyumba, mapenzi, polisi na shida ya pesa. Vifaa ni kompyuta ya kawaida yenye programu kama FL Studio au Virtual DJ. Kwa miaka mingi jukwaa lake lilikuwa vigodoro, zile sherehe za mtaani zinazokesha hadi asubuhi.

Hapa ushawishi unagawanyika katika makundi mawili. Nyumbani, wanaojulikana ni waimbaji: Msaga Sumu, anayeitwa mfalme wa singeli, Man Fongo, aliyeuingiza muziki huu katika redio nyingi kwa wimbo wake wa Hainaga Ushemeji, Sholo Mwamba na Dulla Makabila. Nje ya nchi, wanaojulikana zaidi ni watengenezaji wa midundo. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliorekodiwa katika studio ya Sisso huko Mburahati. Zikafuata albamu za Bamba Pana mwaka 2018, Jay Mitta na Duke mwaka 2019, DJ Travella mwaka 2022, na ya Sisso na Maiko mwaka 2024.

Tofauti hiyo inaeleweka. Msikilizaji wa Berlin hajui Kiswahili, kwa hiyo anachokisikia kwanza ni mdundo. Msikilizaji wa Tandale anafuata maneno. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kushangiliwa Ulaya huku mtaani kwao akijulikana kama fundi wa kompyuta tu, na mwimbaji anayejaza viwanja nyumbani akawa hajulikani kabisa nje.

Singeli haiko peke yake. Uganda ina Otim Alpha wa Gulu, aliyezihamishia nyimbo za harusi za Waacholi kwenye kompyuta. Kenya imemtoa Slikback. Afrika Kusini imefika mbali zaidi: mwaka 2022 Black Coffee alishinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya muziki wa dansi na kielektroniki, na amapiano ya akina Kabza De Small na DJ Maphorisa inasikika katika harusi na daladala hadi kwetu.

Pemba iko wapi katika hadithi hii?

Kinanda cha umeme si kigeni visiwani. Taarabu ya Zanzibar, ambayo kikundi chake kikongwe cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905, ilipigwa kwa fidla, udi, ganuni na akodiani. Katika miaka ya 1990 makundi ya taarabu ya kisasa, East African Melody likiwa mbele, yalipunguza wapigaji na kazi kubwa yakaikabidhi kinanda cha umeme. Wazee walilalamika kwamba ladha imepotea. Lakini hatua hiyo ndiyo iliyoifanya taarabu iwe rahisi kurekodiwa kwa gharama ndogo, kusambaa kwa kaseti na hatimaye kukatwa vipande na vijana wa singeli. Kwa maana hiyo wapiga vinanda wa Zanzibar wamo ndani ya muziki unaochezwa Berlin, hata kama majina yao hayaandikwi popote.

Pemba yenyewe ilichelewa kwa sababu moja kubwa, nayo ni umeme. Hadi mwaka 2010 kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na kukatika kwa umeme lilikuwa jambo la kila siku. Mwaka huo ulikamilika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Studio ya kompyuta haihitaji ukumbi wala bendi ya watu ishirini, lakini haiwezi kufanya kazi bila umeme wa uhakika na intaneti.

Kilichopo Pemba kwa wingi ni mali ghafi. Kuna msewe, ngoma yenye mlio wa njuga za majani zinazofungwa miguuni. Kuna kirumbizi, mchezo wa fimbo unaokwenda na ngoma. Kuna ngoma na zumari za mchezo wa ng'ombe. Mdundo wa mchiriku ulitoka katika ngoma za Kizaramo, na hakuna sababu ya kiufundi inayozuia msewe kupita njia hiyo hiyo.

Haki ni ya nani?

Hapa ndipo penye uzito. Kipande cha taarabu kinapokatwa na kukimbizwa, mtunzi wa wimbo wa asili na aliyeurekodi wana haki. Mtayarishaji wa singeli naye ana haki katika kazi yake mpya, iwapo alipata ruhusa. Mara nyingi hakuna ruhusa inayoombwa wala maandishi yanayowekwa, na wimbo ukianza kuingiza pesa mtandaoni hakuna anayeweza kuthibitisha lolote.

Jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba hakimiliki si suala la Muungano. Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 1999 na taasisi yake ya COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na taasisi yake ya COSOZA. Msanii wa Pemba ambaye kazi yake imekatwa na studio ya Dar es Salaam anakutana na sheria mbili. Hatua ya busara ni kuisajili kazi mapema na kuandika makubaliano, hata ya ukurasa mmoja, yanayotaja nani ametunga, nani amepiga, nani ametayarisha na mapato yatagawanywa vipi.

Kwa ngoma za jadi suala ni gumu zaidi, kwani msewe hauna mtunzi mmoja. Mtu akija na kifaa cha kurekodi, akaondoka na sauti hizo na kuziuza, kijiji kitabaki na nini? Swali hilo linafaa kujibiwa na wazee wa ngoma, masheha na wasanii kabla ya kifaa hicho kuwashwa.

Suala la maadili

Haitakuwa haki kunyamazia pingamizi. Maneno ya baadhi ya nyimbo za singeli hayafai mbele ya wazazi, na vigodoro vimelaumiwa kwa kelele na mienendo. Zanzibar ina Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni linalosimamia kazi za sanaa, na jamii ya Pemba ina mipaka yake.

Mvutano huo si wa hapa tu. Mwezi Septemba 2022, Bunge la Uganda lilitaka tamasha la Nyege Nyege, ambalo jina lake pekee humfanya Mswahili aone haya, lipigwe marufuku kwa madai ya uvunjaji wa maadili. Baadaye serikali iliruhusu lifanyike kwa masharti. Wafanyabiashara wa Jinja walikuwa wamekwishajiandaa kwa wageni, na hoja ya mapato ilikuwa na nguvu yake.

Lakini mdundo na maneno ni vitu viwili. Muziki wa Ulaya unaotokana na singeli mara nyingi hauna maneno kabisa. Kijana wa Pemba anaweza kutengeneza mdundo wa msewe usiomvunjia mtu heshima, na ukasikilizwa Kampala au Muscat. Atakayefanya hivyo kwanza huenda asionekane katika orodha ya DJ Mag. La msingi ni kwamba jina lake, na la kijiji alikochukua ngoma hiyo, yawe yameandikwa pale mapato yanapogawanywa.