Ramani Iliyofika Nusu

Ukurasa huu umezoea kusema juu ya kofia, viatu na vumbi la mawe. Safari hii tuseme juu ya kazi inayofanyika ofisini, mezani, na ambayo inaweza kumwua mtu aliye chini ya ardhi: kutumiana ramani za mgodi kwa barua pepe.

Zamani ramani ilikuwa karatasi kubwa. Ukiikunja na kuipeleka Mongbwalu kwa gari, inafika yote. Leo mchoraji wa Bunia anatumia kompyuta, mara nyingi programu ya AutoCAD, na ramani moja yaweza kuwa na mafaili kadhaa. Njia mpya ziko katika faili moja, mahandaki ya zamani katika jingine. Faili la kwanza huyaita mengine tu, haliyabebi. Basi akituma hilo moja, huko linakofunguliwa njia mpya zinaonekana vizuri kabisa, na mahandaki ya zamani hayapo. Kompyuta hutoa onyo kwamba kuna faili halikupatikana. Nani husoma onyo la namna hiyo alfajiri, zamu ikisubiri? Anabonyeza, linaondoka, na mbele yake anaona mwamba mzima mahali penye shimo lililojaa maji.

Kwetu Ituri mashimo si haba. Dhahabu ilionekana Kilo mwaka 1903, ikaanza kuchimbwa 1905. Na tangu sheria ya 1982 iliporuhusu wachimbaji wa mikono, yamechimbwa mashimo mengi yasiyo katika ramani yoyote. Ramani zetu zina upungufu tayari. Tusizikate tena njiani.

Huko Pennsylvania, Marekani, Julai 2002, wachimbaji wa makaa ya mawe wa Quecreek walitoboa mgodi wa zamani uliojaa maji. Ramani waliyokuwa nayo ilionyesha kwamba mgodi ule uko mbali, karibu mita 90. Watu tisa walikwama chini kwa saa 77 hivi, wakatolewa wote wazima. Ramani ya mwisho ya mgodi ule ilikuwepo. Ilipatikana baadaye katika makumbusho. Barua pepe haikuhusika, lakini maji hayaulizi ramani ilipotelea wapi.

Wengine watasema mega ni ghali na mtandao ni mzito. Ni kweli, na sanduku nyingi za barua pepe hukataa mzigo unaopita mega 25. Basi faili lipelekwe kwa flashi mkononi mwa dereva, lakini lipelekwe lote. AutoCAD ina amri iitwayo eTransmit, inayokusanya mafaili yote katika kifurushi kimoja. Itumike, na pamoja nayo itumwe picha ya PDF ili mpokeaji alinganishe.

Lakini sitaki jambo hili libaki kwa wachoraji. Kapita ana haki ya kuuliza kabla ya kutoboa: mahandaki ya zamani yako wapi hapa? Akiambiwa hayapo, aombe ramani iliyochapwa, yenye tarehe na sahihi. Najua kuna mashefu watakaoita hiyo jeuri. Waite wanavyotaka. Ramani isiyo na tarehe irudishwe, simu ipigwe Bunia, na timu ingoje jibu ikiwa juu, si chini.