Kisangani hadi Zanzibar: viza imeondolewa, njia bado

Kwa mkaaji wa Kisangani, neno "bichi" halina mambo ya kupumzika. Bichi ni pale pirogi zinafunga, mizigo inashuka kwenye balinyeri na watu wa DGM wanauliza karatasi. Lakini vakansi kubwa ikikaribia, kuna familia zinazoanza kupiga hesabu ya bichi ingine, ile ya mchanga mweupe, kule Zanzibar.

Kwenye karatasi, mlango uko wazi kuliko zamani. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kenya iliondoa viza kwa Wakongomani mwaka 2023, Tanzania ikafuata mwaka 2024. Yanabaki paspoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na bima ya lazima ya wageni ambayo Zanzibar iliianzisha tarehe 1 Oktoba 2024, bei yake ya kawaida dola 44 kwa mtu.

Sasa chukua ramani. Kutoka Kisangani hadi Zanzibar, ukipiga mstari wa moja kwa moja, ni karibu kilomita 1,700. Lakini msafiri anapanda ndege Bangoka na kwenda kwanza Kinshasa, kilomita 1,200 upande wa magharibi, yaani anaipa bahari mgongo. Halafu anarudi juu ya nchi yake mwenyewe kuelekea mashariki. Jumla inapita kilomita 3,800, na go-pass inalipwa mara mbili: Bangoka, kisha Kinshasa. Kwa baba mwenye watoto wanne, tiketi zinakula mafaranga hata kabla ya kufikiria hoteli.

Zamani Goma ilisaidia kufupisha safari. Tangu M23 ichukue muji ule mwezi wa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ukafungwa na njia ile ikakatika. Kwa barabara, kuna ile ya Bafwasende, Mambasa na Beni, hadi Kasindi kwenye mpaka wa Uganda. Nani atapitisha watoto kule, na ADF inaua watu Mambasa na Beni? Ndiyo maana habari za viza huku zinapokelewa kwa furaha nusu. Soko la pamoja bila njia ya pamoja linamfaa zaidi yule anayekaa karibu na mpaka.

Na hii inauma kwa sababu pwani si ugeni kwetu. Kiswahili cha Kisangani kilifika na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1887 Tippu Tip, mtu wa Zanzibar, alikubali kuwa wali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa jina la Leopold wa Pili. Alikufa Zanzibar mwaka 1905, na nyumba yake bado inaonyeshwa kwa watalii katika Mji Mkongwe, ambao uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mtalii wa Ulaya anapiga picha ya mlango, anaenda zake. Mtu wa Tshopo akisimama pale anajua utajiri ule ulitoka wapi. Ni vizuri atembee pia Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873. Watoto wetu waone mahali pale kabla ya kuingia majini.

Kwa wale wenye uwezo, Julai na Agosti zinafaa: masika ya Machi hadi Mei imekwisha, upepo wa kusi unapunguza joto. Bei za hoteli ziko juu kipindi kile, kwa hiyo mutafute chumba mapema. Faranga ya Kongo haitawasaidia kule. Mubebe dola mpya, zisizopasuka. Anayefikia Dar es Salaam anapata boti ya kasi, karibu saa mbili hadi Unguja. Kipande kile cha mwisho ndicho chepesi kuliko vyote.